Kiyoyozi cha gari hakitoi baridi: Kwa nini kuongeza gesi si tiba ya kila tatizo?

Joto la kati ya Januari na Machi linapotanda katika pwani ya Afrika Mashariki, malalamiko ya wenye magari huwa yale yale: feni inavuma, lakini upepo unaotoka ni wa moto. Jibu wanalopewa kwenye karakana nalo mara nyingi ni lile lile: gesi imekwisha, iongezwe.

Jibu hilo, hata linapokuwa sahihi, ni nusu tu ya ukweli. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na kiasi kile kile hutumika tena na tena. Ni kweli kwamba sehemu ndogo hupenya kwenye mipira na viungo kadiri miaka inavyopita. Lakini gesi iliyojazwa miezi michache iliyopita ikawa haipo leo, imetoka mahali fulani. Kuijaza upya bila kupaziba mahali hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Baridi hupatikanaje?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi; huhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hadi ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ambako hupoteza joto na kugeuka kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba la vali, shinikizo lake likashuka ghafla, na kuingia kwenye mirija iliyo nyuma ya dashibodi. Humo hugeuka tena kuwa gesi, na katika kugeuka huko hufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria.

Hatua yoyote kati ya hizo ikikwama, baridi hukosekana, hata kama gesi imejaa.

Dalili zinasema nini?

Jambo la kwanza la kuangalia ni nguvu ya upepo. Upepo ukiwa hafifu ingawa ni wa baridi, huenda chujio la hewa ya ndani limejaa vumbi. Katika magari mengi chujio hilo huwa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na kulibadilisha hakuhitaji kugusa gesi kabisa.

Upepo ukiwa mkali lakini wa moto, sikiliza kompresa. Katika magari mengi ya petroli, kiyoyozi kinapowashwa husikika mlio mfupi wa klachi ya kompresa ikinasa. Usiposikika, tatizo laweza kuwa fyuzi, relei au waya. Laweza pia kuwa gesi kupungua mno, kwani swichi ya shinikizo huizuia kompresa kufanya kazi ili isiharibike.

Gari likipoa barabarani lakini likawa na joto kwenye foleni, shaka ya kwanza iwe kwenye feni ya kondensa, au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu. Upande mmoja ukitoa baridi na mwingine joto, yawezekana kilango kinachogawa hewa ndani ya dashibodi kimekwama. Baridi ikianza vizuri kisha upepo ukafifia baada ya safari ndefu, huenda barafu imeganda kwenye mirija ya ndani.

Alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba huashiria uvujaji, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Maji yanayodondoka chini ya gari, kwa upande mwingine, si ubovu: ni unyevu wa hewa uliogeuka matone.

Kazi iliyokamilika

Fundi makini hutafuta uvujaji kwanza, kwa naitrojeni yenye shinikizo au kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Baada ya kuziba, hunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo hujaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ikizidi, baridi hupungua na kompresa huelemewa.

Gesi ya kupikia isitumike kamwe katika mfumo usiotengenezwa kwa ajili yake: ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuleta maafa. Magari ya umeme, na mengi ya yale yanayotumia umeme na petroli kwa pamoja, yana kompresa ya umeme mkali inayohitaji mafuta yasiyopitisha umeme. Hayo ni ya fundi aliyesomea.

Hasara isiyoonekana

Gesi aina ya R-134a, inayotumika katika magari mengi ya eneo hili, haidhuru tabaka la ozoni kama ile ya R-12 iliyoitangulia. Hata hivyo, kilo moja inayovuja huongeza joto la dunia, katika kipindi cha miaka 100, kwa kiwango cha zaidi ya kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yalikubaliana kupunguza gesi za kundi hilo hatua kwa hatua, makubaliano yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2019.

Kadiri gesi hizo zinavyopunguzwa, kujaza kila msimu kutazidi kuwa ghali. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwenye gari ana haki ya kuuliza maswali matatu: gesi ilitokea wapi, pameshazibwa, na zimeingia gramu ngapi?