Degedege kwa Mtoto: Hatua za Kuchukua Kabla ya Kufika Zahanati

Homa inapopanda, mtoto mdogo anaweza kukakamaa ghafla, kugeuza macho, kutupa mikono na miguu na kupoteza fahamu. Hali hiyo ndiyo degedege. Huwapata zaidi watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5 kutimia. Kwa mzazi, dakika hizo huwa ndefu mno. Lakini anachofanya, na anachojizuia kufanya, katika muda huo ndicho kinachomlinda mtoto.

Chanzo chake

Degedege si ugonjwa unaojitegemea, bali ni dalili. Ubongo wa mtoto ambao bado unakua hushtuliwa kwa urahisi na homa. Homa hiyo yaweza kutokana na malaria, nimonia, homa ya uti wa mgongo, au maambukizi ya koo na masikio. Kushuka kwa sukari mwilini nako huweza kuleta degedege. Wapo wanaoihusisha na pepo au ndege wa usiku, na kwa sababu hiyo mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Wakati huo malaria huendelea kushambulia ubongo.

Huduma ya kwanza

1. Mlaze mtoto kiubavu mahali tambarare, mbali na moto, maji na vitu vigumu, ili mate au matapishi yatoke nje.
2. Legeza nguo zilizombana na umpunguzie mablanketi.
3. Tazama saa. Muda ambao degedege imechukua ni taarifa muhimu kwa mhudumu wa afya.
4. Usimshikilie kwa nguvu na usimtie kitu chochote mdomoni, kiwe kijiko, kidole, maji, mafuta au dawa. Mtoto asiye na fahamu hawezi kumeza. Kitu hicho chaweza kumziba pumzi.
5. Usimfukize moshi, usimpake mkojo, wala usimwagie maji ya baridi.
6. Degedege ikikoma, mwache alale kiubavu, kisha mpeleke kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo, hata akionekana amepona. Iwapo bado ananyonya, anyonyeshwe baada ya fahamu kumrudia kikamilifu.

Usisubiri ikome, bali ondoka naye mara moja, endapo degedege itapita dakika 5 au mtoto anapumua kwa shida. Ondoka haraka vivyo hivyo iwapo degedege itajirudia, shingo imekakamaa, mtoto harudiwi na fahamu, hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila anachopewa.

Kuhusu sindano

Imekuwapo imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Ukweli ni kwamba baadhi ya watoto hufikishwa wakiwa wamechelewa mno, na kifo kinachosababishwa na ugonjwa hulaumiwa sindano. Sindano ya artesuneti ndiyo tiba inayookoa maisha ya mgonjwa wa malaria kali.

Mtoto anapofika zahanati, hupewa dawa ya kutuliza degedege iwapo bado inaendelea, kisha hutobolewa kidole ili kupima malaria. Majibu hupatikana kwa takriban dakika 20. Akionekana kuwa na hali mbaya, huanzishiwa matibabu na kupewa rufaa. Mzazi aende na kadi ya kliniki ya mtoto, na aeleze bila kuficha dawa zote alizompa, zikiwamo za asili.

Kwa watu wazima

Mtu mzima anayeanguka kifafa huhudumiwa kwa hatua hizo hizo: alazwe kiubavu, aondolewe vitu vya hatari, na asitiwe kitu mdomoni. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mgonjwa. Dawa zake zipo na hutumiwa kila siku kwa muda mrefu.

Kinga

Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, wakamilishe chanjo zote, na wapelekwe kupimwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Kila kaya inashauriwa kupanga mapema usafiri wa dharura wa usiku na kuwafundisha hatua hizi wote wanaobaki na watoto nyumbani, wakiwamo bibi, dada wa kazi na kaka wakubwa.