Binti wa Kibuye na Somo la Falsafa

Hivi karibuni safari ilitufikisha Kisumu, na Jumapili tukapita soko la Kibuye, ambalo siku hiyo hufurika kuliko siku zote. Mama mmoja Muislamu, muuza mitumba, alitukaribisha kwenye benchi lake, akatuonyesha barua. Bintiye amepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, asomee shahada ya kwanza ya falsafa.

“Sheikh,” akasema, “mwanangu akirudi, atakuwa bado anaswali? Na kazi ataipata wapi?”

Swali la kwanza lilitugusa pabaya. Miaka mingi nyuma kijana wetu wa madrasa alitujia na shauri hilo hilo, nasi tukamkataza papo hapo, ilhali hatukuwa tumefungua hata kitabu kimoja cha fani hiyo. Akatii. Hatukumtendea haki.

Imam Ghazali hakuhukumu hivyo. Alipokuwa akisomesha wanafunzi 300 Baghdad, alidokoa nafasi baina ya darsa akavisoma vitabu vya wanafalsafa kwa muda unaokaribia miaka 2, kisha akakaa takriban mwaka mmoja akiyatafakari aliyoyasoma. Aliandika kwanza kitabu cha kueleza makusudio yao. Ndipo mwaka 1095 akawajibu katika Tahafut al-Falasifa. Kati ya masuala 20 aliyowapinga, ni 3 tu aliyoyahukumu kuwa ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo madogo, na kwamba miili haitafufuliwa. Mantiki yao hakuitupa. Aliitanguliza katika kitabu chake cha usuli wa fiqhi. (Tulipokuwa chuoni tuliambiwa kwamba Imamu aliifunga fani yote. Aliyetuambia naye aliambiwa.)

Wala falsafa si mgeni katika nchi za Ziwa. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944, alikwenda Sweden kwa masomo ya sayansi akageukia falsafa, akarudi kusomesha Nairobi. Alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akipambanua mzee anayehifadhi ya wahenga na yule anayeyapima kwa akili yake. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1990.

Kuhusu kazi, hatukumficha mama: hakuna tangazo la kazi linaloita “mwanafalsafa”. Wenye shahada hiyo huishia kusomesha, kuandika habari, kuendelea na sheria, na wengine husubiri muda mrefu. Tukamshauri binti achukue na somo la pili, na kabla ya kuondoka asome akida kwa mwalimu anayekubali kuulizwa maswali.

Mama akakunja barua, akaitia chini ya marobota. “Mimi nimeelewa,” akasema. “Lakini babake ndiye aliyekataa, Sheikh. Anaswali Magharibi msikitini. Nenda ukamwambie hayo uliyoniambia, na la yule kijana usilifiche.”

Tukaenda.