Kinu cha Dawa na Mgonjwa Asiyeweza Kumeza

Mzee akipatwa na kiharusi, koo nalo huweza kulegea pamoja na mkono na mguu. Akipewa maji hupaliwa, akipewa kidonge hukitema. Hapo binti au mkaza-mwana hutwaa kinu, akakiponda kidonge na kukitia katika uji. Ni kazi ya huruma tupu, wala si ya nyumba za Ngara na Biharamulo peke yake. Je, matabibu wasemaje?

Hawasemi kwamba kila kidonge hakipondwi. Mwaka 2008 jarida la matabibu liitwalo Lancet lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 899 wenye malaria, katika Tanzania, Kenya, Msumbiji, Mali na Benin. Baadhi yao walipewa dawa ya mseto iliyopondwa, na wengine vidonge viyeyukavyo majini. Kwa namna zote mbili walipona zaidi ya 97 katika kila 100.

Lakini iko nifedipini ifanyayo kazi polepole, wapewayo wenye shinikizo la damu. Hiyo imetengenezwa itoke kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ikipondwa, yote huingia damuni kwa mkupuo. Shinikizo laweza kuporomoka ghafula, na mzee aliyenusurika kiharusi kimoja akapata cha pili. Omeprazoli nayo imevikwa ganda liikingalo na asidi ya tumbo. Ikisagwa huharibika kabla ya kufika itakiwapo. Hata vumbi lina madhara: methotreksati haifai kabisa kusagwa nyumbani, sembuse na mwanamke mwenye mimba.

Kwa hiyo wafamasia na wauguzi hutaka waulizwe kwanza. Pengine iko dawa ya maji, au kidonge cha kuyeyusha, au dawa nyingine ya kazi ile ile. Tena yafaa wamwone mgonjwa akimeza, maana apaliwaye na maji aweza kupaliwa na uji pia, nao ukishuka pafuni huleta homa ya mapafu.

Nionavyo mimi, shida kubwa ni haya. Mtu atoka kijijini hadi Murgwanza, Rulenge au Biharamulo mjini, akabidhiwa vidonge, naye arudi kimya bila ya kusema, "Baba hawezi kumeza." Haya ya nini? Siku ya kwenda tena, chukua vidonge vyote vilivyo nyumbani, katika pakiti zake, umweleze mfamasia ni vipi mlivyokuwa mkivitia kinuni.