Rika la Darasani na Mkubwa Anayekosekana

Kila Januari, mtoto wa Robanda katika kata ya Ikoma wilayani Serengeti anapoingia kidato cha kwanza, hubadilishiwa sare na lugha kwa pamoja. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, nyumbani anazungumza Kiikoma, na sasa Baiolojia, Jiografia na Hisabati zinamjia kwa Kiingereza. Mwalimu hawezi kusimama kando ya kila dawati. Anayemwokoa mara nyingi ni jirani yake, yule aliyeinasa maana ya swali akamnong'oneza kwa Kiswahili, na mchana wakakaa chini ya mti kulirudia.

Wazazi wengi huuhesabu urafiki wa shule kuwa jambo la pembeni, la kuvumiliwa mradi tu usivuruge masomo. Kwa mtoto huyu urafiki ni sehemu ya masomo yenyewe. Kundi la diskasheni ndilo linalogawana kitabu kimoja, madesa, mitihani ya miaka iliyopita, hata daftari la kumsubiri aliyekuwa mgonjwa. Mwaka wa pili, unapofika upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani, ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa, asiye na kundi huingia chumba cha mtihani na nusu ya somo kichwani.

Halafu kuna geto. Vijiji vya Serengeti vimetawanyika, na pasipo bweni, wanafunzi wa mbali hupanga chumba karibu na shule. Watoto wa miaka 14 au 15 wanajipikia, wanajipangia saa ya kulala, wanagawana unga na mafuta ya kula. Geto moja linaweza kuwa na vijana watatu wanaopiga msuli hadi usiku kwa taa ya sola. Chumba cha pili, chenye watoto wenye akili zilezile, huanza kukosa vipindi vya Jumatatu, kisha vya wiki nzima, na kufikia muhula wa pili mmoja wao yuko kwenye bodaboda na mwingine amefuata wakubwa porini kutafuta nyama. Ukitafuta kilichowatenganisha, utakuta ni mambo mawili: nani ana sauti ndani ya chumba, na ni mtu mzima gani hugonga mlango wake.

Sayansi ya ubongo wa kijana inaeleza kwa nini sauti hiyo ina nguvu kiasi hicho. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambamo kila taa ya barabarani ilidai uamuzi wa kusimama au kuendelea. Walipocheza peke yao, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipotazamwa na wenzao, vijana walihatarisha zaidi, ilhali watu wazima hawakubadilika. Utafiti uliofuata kwa vipimo vya picha za ubongo ulionyesha kwamba mbele ya marafiki, sehemu za ubongo wa kijana zinazohisi raha ya tuzo huchangamka kuliko anapokuwa peke yake. Kijana aliyefundishwa vizuri nyumbani anayajua mema na mabaya. Ila macho ya wenzake huongeza bei ya kila kitu kilichopo mbele yake. Nguvu hiyohiyo inayomvuta porini inaweza kumvuta kwenye prepu ya jioni, kwa kuwa sifa ya wenzake hutamaniwa popote inapotolewa.

Wazee wa Ikoma walilijua hili kwa njia yao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye ameandika kwa kirefu juu ya jamii za magharibi mwa Serengeti, anaeleza jinsi Waikoma, Wanata na Waisenye walivyojipanga kwa saiga, yaani marika ya waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Katika karne ya 19, njaa, maradhi na uvamizi vilipozitikisa jamii hizi, marika hayo ndiyo yaliyobeba kazi ya ulinzi na hata mpangilio wa makazi. Rika lilimlea mtu, likamwadhibu, likamsaidia kupata ng'ombe na mke. Lakini halikuachwa lijiongoze. Juu yake palikuwa na rika lililotangulia, lililojua aibu na heshima za umri ule kwa sababu lilikuwa limetoka kuzipitia, na juu zaidi wazee.

Sekondari imewakusanya vijana kwa umri zaidi kuliko saiga ilivyowahi kufanya: mikondo miwili au mitatu ya watoto wa mwaka mmoja, siku tano kwa wiki, miaka minne. Kilichopungua ni wale wa juu. Kidato cha nne kinahangaika na mtihani wake, mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi vyake vya kufundisha, na mzazi yuko shambani au kwenye ajira za kambi za watalii. Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya malezi ya sekondari za vijijini: rika lipo, mkubwa wa kulisimamia hayupo.

Mkoa wa Mara unao mfano mashuhuri wa kijana aliyepata rika na mkubwa pia. Husimuliwa kwamba Mohamed Makongoro, mtemi wa Ikizu, majirani wa Waikoma upande wa magharibi, ndiye aliyeona akili ya Kambarage Nyerere katika mchezo wa bao na kumshauri mtemi Nyerere Burito ampeleke mwanawe shule. Mwaka 1934 kijana huyo aliingia Mwisenge, Musoma, alikofundishwa na Mwalimu James Irenge, na mwaka 1937 akaenda Tabora, shule iliyowakusanya vijana hodari kutoka pembe zote za Tanganyika. Baadaye, akifundisha St. Mary's hapohapo Tabora, alikuwa na rafiki yake wa Makerere, Andrew Tibandebage, katika chumba kimoja cha walimu, na Padri Richard Walsh kama mkuu wa shule aliyemsaidia kufika Edinburgh mwaka 1949. Inafaa kutazama mfuatano huo: mtemi, mwalimu, rafiki, padri. Hakuna hata mmoja aliyemaliza kazi peke yake, na kila mmoja alimkuta pale aliyetangulia alipoishia.

Kwa wasichana wa Mara, swali la rika lina ukali wake. Desemba, shule zinapofungwa, ndiyo msimu wa ukeketaji katika sehemu za Tarime na Serengeti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ingawa sheria ya 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Shinikizo halitoki kwa wazee peke yao. Msichana wa Kikurya ambaye hajakeketwa huitwa msagane, na wanaomwita hivyo kisimani na njiani ni wasichana wenzake.

Rhobi Samwelly amesimulia hadharani kwamba alimpoteza rafiki yake aliyevuja damu baada ya kukeketwa, kwamba hilo lilimfanya akatae, na kwamba hata hivyo alilazimishwa akiwa na miaka 13, akanusurika kufa. Kifo cha rafiki kilimfundisha alichokuwa hajaambiwa na mtu mzima yeyote. Leo anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, ambako wasichana hupokelewa, hulindwa na kuendelea na shule, huku wawakilishi wa vijiji wenye simu wakitoa taarifa msimu unapokaribia. Ndani ya nyumba hizo msichana hukutana na kitu ambacho kijijini hakukiona: kundi zima la wenzake waliokataa. Tusi lililomtisha kisimani halina wa kulitamka pale.

Je, mlezi lazima awe mtu wa karibu? Ushahidi wa kuvutia unatoka Kampala. Mwaka 2016, mtafiti Emma Riley aliwapeleka wanafunzi wa sekondari sinema muda mfupi kabla ya mitihani yao ya taifa. Wengine walionyeshwa Queen of Katwe, kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa kitongoji cha Katwe aliyefundishwa sataranji na Robert Katende. Wengine walionyeshwa filamu nyingine. Waliomwona Phiona, hasa wasichana wa kidato cha nne, walipunguza kufeli Hisabati. Ni saa mbili tu za sinema, lakini ziliwaonyesha mtu wa mtaa kama wao, aliyeshindwa kwanza kisha akashinda, akiwa na mwalimu asiyemwacha.

Shirika la CAMFED, lililoko Tanzania tangu 2005, limelifanya wazo hilo kuwa kazi ya kila wiki. Wasichana waliomaliza sekondari hurudi katika shule za vijijini kwao kufundisha stadi za maisha na kuwafuata majumbani walioanza kutoroka vipindi. Siri yao ni umbali mfupi wa umri. Wanakumbuka hofu ya kujibu kwa Kiingereza, wanajua bei ya taulo za kike, na wakiona uongo kuhusu mahudhurio wanautambua, maana waliusema wenyewe juzijuzi.

Msaada wa namna hii unahitajika zaidi kwa binti anayerudi shuleni baada ya kujifungua, kama serikali ilivyoruhusu Novemba 2021. Mlango wa shule umefunguliwa, lakini rika lake limeshatangulia. Anakaa na wadogo zake, ana mtoto anayelia usiku, na kundi la diskasheni halijui limpokee vipi. Waraka hauwezi kumtafutia rafiki. Mwalimu wa darasa anaweza, akimpangia kikundi siku ya kwanza badala ya kusubiri kianze chenyewe.

Mkoani Mara wakubwa wa kuziba pengo la usimamizi wa rika wapo, na kalenda ya shule yenyewe inawaleta. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi hiyo saba vijana waliomaliza wako kijijini, wengi bila kazi, wakati huohuo njuka wa kidato cha kwanza wakihangaika na Kiingereza na geto la kwanza maishani mwao. Mkuu wa shule akiwa na orodha ya wahitimu kumi wenye tabia inayojulikana, wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, mwalimu mmoja wa kuwasimamia, na ratiba ya jioni mbili kwa wiki za kutembelea mageto na kukaa na vikundi, anaweza kuanza Januari ijayo. Gharama kubwa ni chakula cha jioni na muda wa mwalimu huyo, na halmashauri ya wilaya au mifuko inayolipia masomo ya vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ingeweza kuibeba bila kujenga hata chumba kimoja.