MATIBABU YA SONONA KWA NGUVU YA SUMAKU: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Mtumishi aliyekuwa akifika kazini kabla ya wenzake huanza kuchelewa. Majalada humlundikia mezani na barua hazijibiwi. Nyumbani chakula hakimshuki, usingizi humkimbia, na hata wanawe hawamfurahishi tena. Aghalabu wenzake humwita mvivu, jamaa zake husema amerogwa, na mkuu wake humwandikia barua ya onyo. Huenda mtu huyo ni mgonjwa, na maradhi yake ni sonona. Maelezo haya yanahusu njia mojawapo ya kuyatibu maradhi hayo, ambayo baadhi ya wananchi huisikia kwa jamaa wanaoishi ng'ambo na aghalabu huichanganya na mambo mengine.

Kwa kawaida sonona hutibiwa kwa dawa, na kwa mazungumzo ya mgonjwa na mtaalamu. Njia hizo zimewaponya wengi, lakini haziwaponyi wote. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006, ulionesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kwa dawa ya kwanza, na kwamba matumaini yalipungua kila ilipobidi kubadilishiwa dawa nyingine. Matibabu ya sumaku yaliwekwa hasa kwa ajili ya hao wasiofaidika na dawa.

Asili yake ni elimu ya zamani. Mnamo mwaka 1831 Michael Faraday alithibitisha kwamba sumaku inayobadilika nguvu huzalisha umeme katika kitu kilicho karibu nayo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno, na mkono wa mtu yule ukacheza bila ya yeye kukusudia. Sumaku ilikuwa imepenya ngozi na mfupa pasi na kuviumiza, ikaiamsha sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Nguvu ya sumaku hiyo hukaribia ile ya mashine za MRI, ila hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na huingia kiasi cha sentimita mbili au tatu tu.

Kwa wenye sonona, koili huelekezwa sehemu ya mbele ya ubongo, mara nyingi upande wa kushoto. Sehemu hiyo huhusika na kupanga mambo na kuzituliza hisia, na uchunguzi mwingi umeikuta imezorota kwa wagonjwa hao. Mapigo yakirudiwa siku baada ya siku, mishipa ya fahamu ya hapo na ya sehemu zinazoungana nayo hubadilika utendaji wake. Namna hasa mabadiliko hayo yanavyoleta nafuu bado inajadiliwa na wataalamu.

Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, bila ya kupigwa sindano ya usingizi. Kwanza daktari hutafuta nguvu inayotosha kukichezesha kidole gumba, na kwa kipimo hicho hukadiria nguvu ya matibabu. Kisha mashine hugonga, mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, ikapumzika sekunde 26, ikaendelea hivyo kwa muda wa dakika 37 na nusu. Mlio wake ni mkubwa, kwa hiyo mgonjwa huzibwa masikio. Mwaka 2018 uchunguzi wa Kanada uliohusisha wagonjwa 414 ulithibitisha kwamba mpango mfupi wa dakika 3 hauzidiwi na ule mrefu. Matibabu huwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wakuu wa idara walizingatie hili: mgonjwa huweza kurudi kazini siku hiyo hiyo, lakini lazima aruhusiwe kwenda kila siku. Akikosa nusu ya siku zake kwa sababu ya kikao, matibabu hayo hayakufanyika.

Matibabu haya si yale ya kupitisha umeme kichwani, yaliyoanzia Roma mwaka 1938. Yale humtia mgonjwa kifafa cha makusudi, na siku hizi hufanywa akiwa amelazwa usingizi. Watu huyaogopa, lakini kwa sonona kali inayohatarisha maisha bado ndiyo yenye nguvu zaidi, wala hayafai kudharauliwa. Ipo pia njia ya tatu, ya umeme hafifu wa milliampia 1 hadi 2 unaopitishwa kwa sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Matokeo yake yametofautiana. Uchunguzi wa Brazil wa mwaka 2017 haukuweza kuthibitisha kwamba inalingana na dawa. Anayejitengenezea chombo cha namna hiyo nyumbani kwa betri na nyaya anauchezea ubongo wake.

Je, sumaku huponya? Katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2010, wagonjwa 190 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likatumiwa mashine ya bandia. Waliopona kwa mashine ya kweli walikuwa 14 katika kila 100, na kwa ya bandia 5. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kujaribu dawa bila ya mafanikio. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya sonona mwaka 2008. Baadhi ya waliopona hurudiwa na maradhi baada ya miezi, wakahitaji kutibiwa tena.

Madhara ya kawaida ni kuumwa na kichwa na maumivu ya ngozi ya utosi. Kifafa hutokea kwa nadra, chini ya mgonjwa mmoja katika kila 1,000. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni asitibiwe kwa njia hii. Mwenye mashine ya moyo au aliyewahi kuanguka kifafa hana budi kumwarifu daktari. Kadhalika aliyekesha usiku na anayekunywa pombe, kwani yote mawili huzidisha hatari ya kifafa. Aibu ya kuyataja ivumiliwe.

Anayesubiri matibabu haya asiache dawa zake bila ya amri ya daktari. Anayepata fikra za kujiua asisubiri mashine yoyote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani. Anayesafiri kwenda kutibiwa achukue orodha ya dawa alizokwisha kutumia, kiasi chake na muda wa kila moja, kwani hilo ndilo atakaloulizwa mwanzo.