Siki Haina Macho

Katika majiko ya Jeddah, kandokando ya bomba la sinki, kaunta ya graniti huota ukoko mweupe usiotoka kwa sabuni. Wengi hushangaa, kwani mji huu hutegemea maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, desturi iliyoanza enzi za kindasa, mtambo wa kukenekea maji wa mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini maji yaliyokenekwa yakiachwa hivyo hula mabomba, ndiyo maana hurudishiwa kalsiamu kabla ya kusambazwa. Tone likikauka juu ya jiwe, maji hupaa na chokaa hubaki, safu juu ya safu.

Wengi hukimbilia siki au ndimu. Watasema asidi huyeyusha chokaa, tena graniti ni ngumu. Yote mawili ni kweli: kwatzi na feldspa, madini makuu ya graniti, hayatishwi na siki. Hata hivyo, juu ya jiwe hupakwa dawa ya kulizuia lisinyonye maji na mafuta, na asidi huichakaza. Pia mawe mengi yauzwayo kwa jina la graniti si graniti tupu. Mengine yana mishipa ya kalsaiti, madini yaleyale ya ukoko. Siki haina macho: itakula doa, kisha itakula jiwe. Dawa kali za kuondoa chokaa ni hatari zaidi. Zikichanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya sumu, na anayeivuta huenda akawa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Mombasa au Kampala, asiyeweza kusoma onyo la Kiarabu kwenye chupa.

Ugumu wa mawe wenyewe unatuonyesha njia. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kalsaiti ni 3, feldspa 6, kwatzi 7; kinachokwangua ukoko taratibu hakilazimiki kulikwaruza jiwe. Funika doa kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa nusu saa, kisha ukwangue kwa kipande cha plastiki kilicholazwa. Kilichobaki kisugue kwa uji mzito wa bikabonati ya soda, suuza, kausha. Ukoko mnene utataka kurudiwa, na atakayelalamika kwamba kazi ni ndefu ana haki. Basi tiba ya kweli ni kutouacha uote: mwenye nyumba amwekee mfanyakazi kitambaa kikavu kando ya sinki, si chupa ya asidi chini yake.