Kweli au Si Kweli: Jaribio Lililojibu "Hapana"

Kifaru ni mahali kando ya barabara kuu ya Same kwenda Moshi, si mbali na Taveta iliyo ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Ukishuka kusini unafuata tambarare zilizo chini ya Milima ya Upare. Kati ya 1954 na 1959 ukanda huu ulikuwa na jaribio lililofuatiliwa na wataalamu wa malaria wa nchi nyingi, Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta. Waliouanzisha walitaka kujua kama dawa ya kupulizia nyumba ingeweza kukata kabisa maambukizi. Haikuyakata. Hata hivyo, ningeulizwa nitaje kazi ya kisayansi iliyoifaa Afrika Mashariki, ningeitaja hii mapema sana.

Nasema hivyo kwa sababu kuna maneno yanayorudiwa mno, vijiweni na hata vyuoni, kuhusu utafiti ambao haukutoa jibu lililotarajiwa. Mengi si ya kweli, na kuyaamini kunatugharimu.

"Utafiti ulioshindwa ni fedha iliyotupwa."

Si kweli.

Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani liliazimia kuifuta malaria duniani, na silaha kuu ilikuwa dawa ya kupulizia kutani. Afrika kusini mwa Sahara swali lilikuwa bado bichi. Huku ambako mtu huumwa na mbu wenye vimelea tena na tena kila mwaka, je, dawa ya ukutani peke yake inatosha? Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Amani katika Milima ya Usambara chini ya Dk. Donald Bagster Wilson, ililipeleka swali hilo Upare na Taveta. Kwanza walipima hali ilivyokuwa: vimelea katika damu za watu, wengu za watoto, vizazi na vifo, na mbu wa kila aina. Kisha, kuanzia 1955, wapuliziaji wakapita nyumba kwa nyumba na dawa iitwayo dildrini.

Anopheles funestus, mbu apendaye kukaa ndani ya nyumba, nusura atoweke kabisa. Malaria ilishuka sana. Lakini Anopheles gambiae alipungua bila kwisha, kwani katika jamii yake wamo wanaouma ng'ombe kama wanavyouma watu, na wakishashiba hupumzika nje, mbali na ukuta wenye dawa. Maambukizi yakaendelea, chini kwa chini. Upuliziaji uliposimamishwa mwaka 1959, malaria ikaanza kurejea hatua kwa hatua.

Kilichofuata ndicho ninachokithamini zaidi. Ripoti ya mpango ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1960, ikieleza kilichopungua na kilichokataa kwisha. Wala hawakuishia hapo. Mwaka 1967 G. Pringle alichapisha mwenendo wa maambukizi baada ya dawa kusimama. Mwaka 1972 C. C. Draper na wenzake, akiwemo mtafiti Y. G. Matola, walichapisha hali ya malaria Upare miaka 11 tangu upuliziaji ukome. Ni rahisi kurudi kijijini kupiga picha za mafanikio. Hawa walirudi kupima jambo ambalo halikufaulu, wakaliandika kwa takwimu.

Faida yake? Ilionekana wazi kwamba dawa ya ukutani inapunguza sana ugonjwa ila haiumalizi peke yake, na kwamba kuacha bila mpango wa kuendelea ni kuukaribisha urudi. Zanzibar nayo ilipuliza dawa miaka hiyo, ikaacha mwaka 1968, na malaria ikapanda tena. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kufuta malaria kila mahali kwa muda mfupi hakuwezekani. Kila mtaalamu anayepanga leo kuchanganya vyandarua, upuliziaji na dawa za tiba, badala ya kutegemea kimoja, anafuata njia iliyosafishwa na majibu kama ya Upare.

Kuna jingine ambalo hakuna aliyekwenda kulitafuta. Funestus alipoondoka, ndugu yake Anopheles rivulorum aliongezeka na kushika nafasi. Gillies na Smith walilichapisha hilo mwaka 1960. Rivulorum alijulikana kama mbu wa ng'ombe, asiye na hatari kwa mtu, na wazo hilo lilikaa vitabuni kwa miongo. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi upande wa Muheza, Matola yuleyule akiwamo, walionyesha kwamba naye hueneza malaria ya binadamu, ingawa kwa kiasi kidogo. Kama badiliko lile la Upare lisingeandikwa, nani angejua kwamba mbu huyu ana tabia ya kuziba pengo?

"Likishathibitishwa mara moja, kulirudia ni kupoteza muda."

Si kweli, na ushahidi mzuri kuliko wote uko Kilombero.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tumaini la chanjo ya malaria liliitwa SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Barani Afrika ilipimwa Idete, karibu na Ifakara, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Matokeo yakatoka katika jarida la Lancet mwaka 1994: chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 31. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Ila watafiti wenyewe waliandika kwamba ukizingatia bahati, kinga halisi ingeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Asilimia 31 ilishika vichwa vya habari, ile sifuri ikasahaulika.

Gambia wakarudia kwa watoto wa miezi 6 hadi 11. Mwaka 1995 walitoa jibu lao: asilimia 8, kiasi kisichotofautishika na bahati. Thailand wakapima, hawakuona kinga. Kisha Ifakara, walewale waliokuwa na kila sababu ya kulinda jina la kazi yao ya kwanza, wakapima upya kwa watoto wachanga 1,207, wakiichoma pamoja na chanjo za kawaida za kliniki. Mwaka 1999 walichapisha asilimia 2.

SPf66 ikawekwa kando. Fikiria kama ingeingizwa kliniki kwa nguvu ya jibu la kwanza peke yake: mama angembeba mtoto kutoka milimani Upareni hadi zahanati akapate sindano isiyomkinga, na fedha ya vyandarua ingekwenda huko. Majaribio yale yalijenga pia kituo chenye watu waliojua kupima chanjo kwa uangalifu, na Tanzania ikaendelea na kazi hiyo. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba, viwili kati yake vikiwa Korogwe na Bagamoyo. Safari hii hakuna aliyeridhika na kijiji kimoja.

"Wa pili akipata jibu tofauti, wa kwanza alidanganya."

Mara nyingi si kweli. Hapa ndipo watu wengi huumizana bure.

Mwaka 1995 utafiti uliofanyika mkoani Mwanza ulitangaza kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 watafiti wa Rakai, Uganda, waliwapa watu wote dawa za magonjwa hayo kwa mzunguko, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Mwaka 2003 watafiti wa Masaka, pia Uganda, nao hawakuona tofauti. Je, Mwanza walipika takwimu? Hapana. Wachambuzi walipozilinganisha sehemu hizi waliona kwamba wakati wa utafiti Uganda ilikuwa imeshatangulia katika janga: VVU ilikuwa imeenea zaidi, tabia za hatari zilikuwa zimeanza kupungua, na magonjwa ya zinaa yanayotibika hayakuwa mengi kama Mwanza. Tena mbinu zenyewe zilitofautiana, Mwanza ikimtibu mwenye dalili siku anapofika zahanati, Rakai ikigawa dawa kwa vipindi.

Kwa hiyo "hapana" ya Rakai haikuifuta "ndiyo" ya Mwanza. Iliipa mipaka, ikatufundisha wapi na lini tiba ile inasaidia kuzuia VVU. Mpangaji wa afya aliyesoma matokeo ya Mwanza peke yake angeahidi makubwa mahali pasipofaa.

"Jibu la 'hapana' likikaa kabatini halimdhuru mtu."

Si kweli kabisa.

Kwa miaka mingi kanuni ya hospitali nyingi duniani ilikuwa kwamba mtoto aliyeletwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe dripu nyingi haraka. Ilionekana ni akili ya kawaida. Profesa Kathryn Maitland na wenzake waliipima katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, katika mkoa jirani tu na Kilimanjaro. Watoto 3,141 walishiriki. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa dripu ya haraka walifariki zaidi ya 10 katika kila 100, na kati ya wasiopewa, 7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Hebu lipime hilo moyoni. Madaktari waliotoa dripu zile walitaka kuokoa maisha. Walichokikosa ni jaribio lililothubutu kuuliza, na lililothubutu kusema kwamba mazoea yetu yanaua. Lingefichwa kwa kuogopa aibu, mtoto wa Same aliyelazwa kesho yake angewekewa dripu ileile.

Pemba ina kisa cha jinsi hiyo. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vilivyotolewa kwa watoto wote bila kuwapima kwanza vilionekana kuongeza vifo na kulazwa hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na ushauri wa dunia kwa maeneo yenye malaria ukabadilishwa.

"Majarida hayataki matokeo ya namna hiyo."

Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1979 Robert Rosenthal, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya tafiti zinazobaki kwenye droo kwa sababu hazikuonyesha kitu, na tatizo hilo lingalipo. Gambia, Rakai na dripu zilipata nafasi kwenye majarida makubwa kwa kuwa zilikuwa kazi kubwa zenye swali lililosubiriwa. Aliye hatarini ni mwanafunzi wa shahada ya pili aliyejaribu dawa ya mti fulani dhidi ya viwavi wa mahindi, akakuta haifanyi kazi. Kazi yake inafungwa jalada, inawekwa rafuni, na miaka mitano baadaye mwingine anaanza kulichuma jani lilelile. Hilo linanihuzunisha, maana sisi ndio tusio na fedha ya kuuliza swali moja mara kumi. Vyuo vyetu vingeweza kulimaliza kwa kuweka tasnifu zote wazi mtandaoni, na kwa kumpima mwanafunzi kwa ubora wa swali na uangalifu wa vipimo, bila kujali jibu limeangukia wapi.

"Wanakijiji hawahitaji kuambiwa jaribio lilipokwama."

Si kweli. Damu ilitolewa vidoleni mwao, na kuta zilizopulizwa zilikuwa zao. Mwanahistoria Melissa Graboyes, katika kitabu chake cha 2015 kuhusu tafiti za tiba Afrika Mashariki, anauliza mtafiti anadaiwa nini na watu ambao malaria yao ilishushwa kisha ikarudi. Naona deni la kwanza ni taarifa. Watu walioishi miaka bila malaria nyingi hupungukiwa na kinga ya mwili, na mzazi anastahili kujua hilo kabla homa haijarudi nyumbani kwake.

Na mwananchi anaweza kudai. Mtafiti wa afya akija leo Kifaru, au Gonja huko Upare, anapaswa kuwa na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kama anajaribu dawa au chanjo, jaribio linatakiwa liwe limesajiliwa hadharani kabla ya mtu wa kwanza kushiriki, kwa mfano katika daftari la Afrika nzima liitwalo PACTR. Mwenyekiti wa kijiji aiombe namba hiyo kwenye mkutano, aiandike kwenye muhtasari, na amtake mtafiti ataje mwezi atakaorudi na majibu. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta namba hiyo baadaye aone kama matokeo yametolewa, yawe "ndiyo" au "hapana."